Jina la Fundi Mlangoni

Unionville, Ontario
9 Aprili 2006

Fundi Crispus, shikamoo.

Ni mimi Zeena, binti Hyderali wa gereji ya Kirinyaga Road, yule mtoto aliyekuwa akikuibia bisibisi. Anwani yako nimepewa na Abbasali, aliyekuja huku kwa harusi. Ameniambia uko Voi, unatengeneza pampu za maji na pikipiki, na kwamba masikio yako yameliwa na injini kiasi kwamba simu haikufai tena. Basi nakuandikia, na usicheke Kiswahili changu. Nilikitoa gereji nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikahamia nacho Kanada pamoja na matusi yake.

Fundi, nimenunua Skyline GT-R ya mwaka 1990! Imefika kwa meli kutoka Japani mwezi wa Februari. Huku gari la Japani likishatimiza miaka kumi na mitano linaruhusiwa kuingia, kwa hiyo vijana wa Toronto waliokuwa wakibandika picha zake ukutani sasa wanaliagiza. Silinda sita, turbo mbili, magurudumu yote manne yanasukuma. Unakumbuka kanda za video ulizokuwa ukitazama na Baba Jumapili mchana, mashindano ya Japani, gari moja likishinda kila mbio mpaka mkachoka kulitazama? Ndilo hilo. Kwenye karatasi zake wameandika nguvu za farasi 280, maana viwanda vyote kule vilikubaliana visiandike zaidi. Injini yenyewe haijui kusoma.

Mimi ni fundi sasa. Niko gereji moja Scarborough, mafundi kumi na mmoja, mwanamke ni mimi peke yangu. Wenzangu wanasema nitaliuza kabla ya kiangazi kwa sababu usukani uko kulia. Nimewaambia mimi nilijifunzia kulia, wao ndio waliozoea kiti cha abiria. Wananicheka pia kwa rangi. Bado nafuata desturi yetu: nikishakaza skrubu naitia nukta ya rangi yangu, ili anayeigusa baada yangu ajulikane. Wewe ulikuwa njano, Baba nyeupe, mimi nikapewa nyekundu ya kucha za Mama. Hapa wanadhani ni urembo.

Nina maombi mawili. Tarehe tisa Septemba kuna mashindano kwenye uwanja wa mbio ulio mashariki, ukishapita Pickering, kila gari peke yake dhidi ya saa. Nataka vipimo vya presha ya turbo, vile mlivyotumia kwenye ile Galant ya rali. La pili ni ruhusa. Gari la mbio huandikwa jina la dereva mlangoni na chini yake jina la fundi. Nataka kuandika CRISPUS MWADIME. Ninachojua kuhusu turbo ulinifundisha wewe, mimi nimekaa juu ya debe la mafuta. Baba bado hajui.

Wako mtiifu (mara chache),
Zeena


Voi
2 Mei 2006

Zeena mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikamsomea mke wangu, naye akasema huyu mtoto hajabadilika. Nimefurahi kusikia habari ya Skyline. Mimi sijawahi kuigusa hata moja. Niambie moyo wake unalia vipi asubuhi ikiwa baridi.

Vipimo: weka pauni saba, basi. Nairobi iko juu na hewa yake ni nyembamba, ndiyo sababu tulikuwa tunaisukuma injini kwa nguvu ili ishibe. Toronto mko chini, hewa ni nzito tena baridi, injini inapewa chakula kingi bila kuomba. Ikivimbiwa inapasuka. Saba zinatosha, utaona.

Ukishakimbia usizime mara moja. Iache iheme dakika mbili, turbo zipoe na mafuta yake yakiwa bado yanazunguka. Hilo ulikuwa ukilisahau.

Jina langu usiliandike. Sababu ninazo na ni zangu. Andika jina lako mara mbili, mlango ni mpana. Baba yako msalimie. Au acha, tazama kwanza kama kumekucha vizuri nyumbani.

Hapa nina pampu ya kanisa imefunguliwa mezani na mchungaji amekaa mlangoni ananitazama kama mgonjwa wake anafanyiwa upasuaji. Naishia hapa.

Crispus


Unionville
21 Mei 2006

Fundi,

Pauni saba! Mjapani aliyeliunda aliliachia kumi kiwandani, mwenye kulipeleka sokoni tu, na wewe uliyewafundisha Nairobi nzima maana ya turbo unanipa saba? Usiniuzie mbuzi kwenye gunia. Hewa nzito najua, nimejifunza, lakini hewa nzito haili pauni zote hizo. Umenipa vipimo vya bibi harusi anayepelekwa ukumbini.

Mwanzo nilidhani umezeeka. Halafu nikadhani ni kwa kuwa mimi ni mwanamke, na nikalia kwa hasira, nakuambia kweli, kwa sababu nilidhani wewe peke yako duniani huna ugonjwa huo. Sasa nafikiri ni jambo la tatu.

Jumapili Baba aliingia gereji ya nyumbani akakuta karatasi niliyokata herufi za jina lako. Hakupiga kelele. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni, kisha akasema, "Listen, Zeena. Huyo mtu alimuua ndugu yangu. Jina lake likikaa kwenye hilo gari, wewe na gari tafuteni nyumba nyingine." Mama alikuwa mlangoni na sinia la chai, akarudi nalo jikoni.

Kwetu hadithi tumeisikia ya namna moja tu. Kwamba mwaka 1992, kwenye mbio za Nakuru, ulizidisha presha ya Galant bila ruhusa kwa kutaka sifa, injini ikapasuka kwenye kona, gari likapinduka, na ami yangu Nazarali akafa. Kwamba klabu ikakufukuza kwenye rali maisha. Mimi nilikuwa mtoto, nikaambiwa nisikutaje, nikatii miaka kumi na minne. Lakini kila nikishika spana nakukumbuka, na yule ninayemkumbuka alikuwa akipima mara tatu kabla ya kukaza robo ya mzunguko. Watu hao wawili hawaingii katika ngozi moja.

Basi niambie. Kama ulimuua ami Nazarali, andika "nilimuua", nami nitalifuta jina kwa mkono wangu. Kama hukumuua, usinifundishe kunyamaza. Nyumba ya kulala nitapata.

Zeena


Voi
11 Juni 2006

Zeena,

Sikumuua mtu.

Nimekaa siku nne na hiyo sentensi moja kwenye karatasi. Nilipoiandika nilishikwa na hasira, na mimi si mtu wa hasira, muulize yeyote hapa. Sasa nasema yote, na usimame ukiyasoma.

Asubuhi ile Nakuru niliweka Galant pauni kumi na sita. Nilitia rangi yangu, njano. Nazarali alikuwa wa pili, nyuma kwa sekunde arobaini, na zimebaki hatua mbili. Alipoingia kwetu kuongeza petroli, baba yako alifungua boneti mwenyewe, akachukua bisibisi. Nikamwambia, "Tajiri, hapana. Kumi na sita ndiyo mwisho wake." Akasema, "Sekunde arobaini, Crispus." Akaendelea kukaza. Nikamshika mkono. Fikiria, mimi kumshika tajiri mkono! Nikamwambia tena, hapana. Akaniuliza, "Gari la nani hili?" Nikamwachia mkono wake. Alifika ishirini na mbili, akatia rangi yake nyeupe juu ya yangu, maana hata katika wazimu ule alifuata desturi ya gereji. Nazarali alikuwa ndani anakunywa maji, hakuona. Kilomita kumi na tano mbele, injini ikapasuka, mafuta yakamwagika kwenye magurudumu, kona ikamkataa. Yaliyobaki unayajua.

Pale hospitali baba yako alinishika mikono yote miwili. Alisema mama yao, Ma Sakarbai, akisikia kuwa mkono wa mwanawe mmoja umemuua mwingine, atakufa siku hiyo hiyo. Akaniomba, "Beba wewe mpaka Mungu amchukue Mama. Halafu nitasema mwenyewe." Nikakubali. Hakunilazimisha. Nilimpenda Nazarali na nilimpenda yule mama, alinitolea sahani yangu kila Ijumaa miaka kumi na tisa.

Kwenye klabu baba yako alisimama akasema fundi alizidisha. Walinivua beji mbele ya watu mia mbili. Hakuna timu iliyonipa kazi tena, na gereji ya Kirinyaga Road ikauzwa ninyi mkaondoka. Mwanangu wa kwanza alirudi kutoka shule anatoka damu puani kwa kupigana na mtoto aliyemwita mwana wa muuaji. Nikamwambia asipigane. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilimwambia asipigane.

Ma Sakarbai alifariki 1999. Nikaona tanzia gazetini. Nilivaa shati safi siku tatu mfululizo, nikaenda posta kila siku kuulizia barua ya baba yako. Sasa ni mwaka wa saba.

Ulipouliza vipimo nikakupa saba. Umenikamata. Niliogopa azikwe mtu mwingine wa nyumba hiyo na ije kusemwa tena ni mimi. Huo ulikuwa uoga na nakuomba radhi. Weka kumi na nne, usipite hapo, na nunua petroli bora kuliko zote. Injini ikiwa inavuta, shika bisibisi ndefu, ncha kwenye mwili wa injini, mpini nyuma ya sikio, kwenye mfupa. Ukisikia kama changarawe kwenye kopo, punguza. Mimi hata sasa nasikia hivyo, mfupa haujawa kiziwi.

Abbasali anarudi huko mwisho wa mwezi kumwona mjukuu wake. Nampa kopo la kahawa. Ndani mna ile skrubu ya presha na mkono wake wa chuma, niliikata kwenye mabaki ya gari kabla hayajavutwa. Njano iko chini, nyeupe juu. Sijawahi kumwonyesha mtu.

Na jina langu, Zeena, liandike. Liandike kubwa.

Crispus Mwadime


Unionville
16 Julai 2006

Crispus,

Salaam kwako na kwa mama watoto.

Kopo limefika. Zeena aliliweka juu ya meza ya chakula, kati ya sahani ya mama yake, Parin, na yangu, akalifungua, akakaa. Niliijua rangi yangu kabla sijavaa miwani. Parin aliniuliza, "Hiki ni nini?" Nikamwambia. Tangu siku hiyo ananipikia na kuniwekea, lakini hakai kula nami.

Kila ulichoandika ni kweli. Nilitaka zile sekunde arobaini. Nilizitaka kuliko ndugu yangu alivyozitaka, yeye alikuwa ameridhika na nafasi ya pili. Nimeishi na hilo kila siku, nikiwa dukani napiga pasi suti za watu, nikiwa jamatkhana nasali. Nilipokuja huku niliapa sitagusa injini, nikafungua duka la dobi. Mama alipofariki nilichukua kalamu. Nikajiambia baada ya siku arobaini. Nikajiambia baada ya mwaka. Nisamehe.

Lakini sikiliza na wewe. Nina miaka sitini na nane. Watu wetu wa Nairobi wote wako hapa, Markham, Mississauga, kila mahali. Kila mwaka siku ya kumkumbuka Nazarali wananishika bega wananipa pole. Nikisema leo, nitakuwa nani kesho? Zeena hanisikii, ila wewe anakusikia. Akimbie, sitamzuia tena, akae nyumbani na gari lake. Mwombe tu aliache hilo jina, maana watu wataliona na watauliza, nami nitatakiwa kujibu. Wewe unajua, mimi najua, Mungu anajua. Haitoshi, Crispus?

Hyderali Lalji


Voi
3 Agosti 2006

Tajiri,

Haitoshi.

Kukusamehe nilikusamehe zamani, kwa ajili ya ndugu yako, na sijakuombea baya. Jina ni jambo lingine. Ulilivua hadharani, lirudishe hadharani. Ulisimama mbele ya watu mia mbili wenye macho, na sasa unaniletea toba ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi?

Unaniuliza utakuwa nani kesho. Mimi nimekuwa muuaji kila kesho kwa miaka kumi na minne, na kila asubuhi nimeamka nikafanya kazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo sababu uliweza kulala nikiwa nimeubeba wako. Uchukue. Una mabega.

Zeena sitamwandikia neno la kumzuia. Nimewahi kumwambia mtoto asipigane, na sirudii.

Crispus Mwadime, fundi


Scarborough
10 Septemba 2006

Fundi,

Nakuandikia kutoka kwa rafiki yangu Darlène, nimelala kwenye kochi lake, gari liko nje limefunikwa turubai. Nimehama nyumbani. Ngoja nikueleze kwa mpango.

Jina liliandikwa. Herufi nyeupe juu ya chuma cheusi, kubwa kuliko langu. Mkaguzi wa uwanja alilisoma kwa shida akauliza kama ni kampuni ya vipuri. Nikamwambia ni mtu. Mtangazaji naye akaja na daftari lake akiuliza jinsi ya kulitamka, nikamtamkisha mpaka akapatia, "Mwa-di-me", na likasikika kwenye vipaza sauti vya uwanja wote. Nilitamani masikio yako yangekuwepo.

Baba alikuja. Sikumwalika. Alisimama kwenye uzio na koti lake la Ijumaa. Na kwa bahati mbaya, au nzuri, sijui, walikuwepo wazee watatu wa Mississauga waliomleta mjukuu wa mmoja wao kutazama magari, mmoja ni yule Mohamedtaki aliyekuwa akiuza vipuri Nairobi. Alipoliona jina lako akapaza sauti mpaka watu wakageuka: "Arre, Hyderali! Crispus Mwadime si ndiye aliyemmaliza Nazarali? Na wewe umeruhusu?"

Nilikuwa nimeshavaa helmeti, kioo kiko juu. Nilimtazama Baba. Nilimtazama na kila kitu nilichonacho, Fundi. Ilikuwa sentensi moja tu. Angeitoa pale, mbele ya wale wazee watatu, ningerudi naye nyumbani nikamwoshea vyombo mwaka mzima. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akatazama viatu vyake.

Nikashusha kioo nikaondoka.

Pauni kumi na nne. Asubuhi nilikuwa nimesikiliza kwa bisibisi nyuma ya sikio, changarawe hakuna. Mzunguko wa kwanza nilipasha matairi. Wa pili nikaiachia injini, na turbo zilipoamka pamoja gari lilinisukuma mgongoni mpaka nikapiga yowe ndani ya helmeti, sijui nililipiga kwa lugha gani. Kona ya bondeni wenzangu wanapunguza gia mara mbili. Mimi nilipunguza mara moja, kwa sababu nilikuwa nimekasirika na kwa sababu hesabu ilikuwa sawa, vyote viwili. Nimekuwa wa nne kati ya magari kumi na tisa. Yule kijana wa gereji yetu aliyesema nitaliuza kabla ya kiangazi amekuwa wa kumi na moja, na Jumatatu nitampelekea andazi.

Niliporudi niliacha injini iheme dakika mbili. Nilihesabu. Nilipotoka, uzio ulikuwa mtupu. Aliondoka, Fundi. Alinyamaza tena, akaondoka. Nilikwenda nyumbani nikachukua nguo na spana zangu, Mama akanifungia chapati, Baba hakuwepo. Simjui tena baba yangu na sitaki kumjua mwenye mdomo wa namna ile.

Jina halitoki mlangoni. Mwaka ujao nitakimbia mara sita, na litasomwa mara sita. Wakichoka kuuliza nitawaambia mwenyewe.

Zeena


Unionville, Ontario
10 Septemba 2006

Kwa Katibu,
Klabu ya Rali ya Menengai,
Nakuru, Kenya.

Bwana Katibu,

KUH: USHAHIDI WANGU WA NOVEMBA 1992

Mimi ni Hyderali Lalji, niliyekuwa mwenye gari namba 7 katika mbio zenu za mwaka huo, ambamo ndugu yangu Nazarali Lalji alifariki. Niliwaambia wanachama wenu kwamba fundi wangu, Bwana Crispus Mwadime, alizidisha presha ya turbo bila idhini. Ule ulikuwa uongo. Mliufanyia kazi, mkamvua beji yake.

Presha niliipandisha mimi, kwa mkono wangu, kutoka pauni kumi na sita mpaka ishirini na mbili, kwenye kituo cha kuongezea petroli.

Naomba barua hii isomwe kwa sauti katika mkutano wenu mkuu, na beji irudishwe kwa mwenyewe Voi, mbele ya watu, kama ilivyochukuliwa. Nakala ya binti yangu nimempa mama yake ampelekee. Nyingine nimempelekea asubuhi hii Bwana Mohamedtaki wa Mississauga, nikamsimamia mpaka akamaliza kuisoma. Yeye atawaambia wengine bila kuombwa.

Mtu akiuliza fundi alifanya nini asubuhi ile, mwambieni alinikataza mara mbili, na mara ya pili alinishika mkono.

Hyderali Lalji